Namna ya Kushuka

Katika miezi miwili Duane Hartzler alikuwa amemkataza binamu yake Verna kununua magari matatu. Mara zote tatu alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuudhi Verna. Mtu akikukosoa kwa uongo unaweza kumtukana ukapumua. Akikukosoa kwa kweli unabaki na donge lako kooni.

Verna Stammen alikuwa na miaka sitini na saba. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza akiendesha basi la shule mjini Lima, Ohio, akisimama kila geti, akipigiwa kelele na watoto wa watu. Kila mara Corvette, lile gari la mbio la watu wawili, ilipompita barabarani, imelala chini kama kandambili, alijiambia: siku yangu inakuja. Sasa alikuwa amestaafu, goti lake la kulia limetolewa na kuwekwa la chuma, na siku ikawa imekuja.

"Mama," binti yake Kristin alimwambia, "wa rika lako hununua magari ya kupanda, sio ya kuzamia. Kuingia utaingia. Kutoka je?"

Verna alicheka kwa sauti, lakini neno lilimwingia. Hakumwambia mtu, ila alijiapiza moyoni: nikishindwa kutoka mwenyewe, bila kushikwa mkono, basi, ndoto imekwisha, nanunua gari la bibi. Na kwa kuwa Duane aliyakataa yale magari matatu kabla Verna hajakaa ndani ya hata moja, kiapo kilikuwa bado hakijajaribiwa. Ukweli ni kwamba alikuwa anamshukuru Duane kimyakimya huku akimnunia.

La nne lilikuwa katika mji wa Wapakoneta, kwa mkulima mmoja wa mahindi na soya aitwaye Orville Brandewie, mzee wa miaka themanini na moja. Lilikuwa la mwaka sabini na mbili, la buluu, na lilikaa ghalani chini ya mashuka ya kitanda yenye maua. Jumamosi hiyo ya Aprili wenyewe walikuwa wamekwisha toka nje kabla wageni hawajazima injini, Orville na fimbo yake, mkewe Rosella na sinia la pai ya krimu.

"Karibuni, karibuni. Kuleni kwanza," Rosella alisema.

"Baadaye, mama, ahsante," Duane alijibu haraka. Ilikuwa sheria yake. Ukishakula pai ya mtu, alikuwa akimwambia Verna, macho yanaona haya, kutu huioni tena.

Akaanza kazi. Kwanza aliweka kiganja juu ya boneti, maana muuzaji anayewasha injini kabla hujafika ana lake jambo. Ilikuwa baridi. Akatandika boksi la karatasi sakafuni, akajilaza chali, akaingia chini na tochi na nyundo ndogo, akawa anagonga chasisi mbele ya magurudumu ya nyuma, palepale chumvi ya barabarani hupenda kujificha. Kule, jamani, hakuna mwizi wa magari kama chumvi inayomwagwa kuyeyusha theluji. Bodi la Corvette ni faibaglasi, halishiki kutu milele, linang'aa tu kama bibi harusi, huku mifupa ya chuma ndani yake imekwisha kuwa unga. Ndivyo watu wengi wanavyouziwa mbuzi kwenye gunia.

"Unasikia?" Duane aliuliza kutoka chini. "Ti, ti, ti. Chuma kizima."

"Chumvi haikulijua hilo," Orville alisema. "Gari la chumvi likipita barabarani Novemba, mimi nafunga ghala. Nafungua mvua za Aprili zikishaosha barabara."

Duane akatoka, akafungua vibao vya pembeni mwa mahali pa kuwekea miguu, akamulika mifupa ya chuma iliyozunguka kioo cha mbele. Akapapasa zulia kama lina unyevu, akalinusa. Akagonga bodi zima kwa sarafu, inchi kwa inchi, akisikiliza kama kuna mahali palipopasuka na kubandikwa. Akalinganisha namba za injini na namba za gari zilizobandikwa dirishani. Zilikuwa zilezile, injini ni ile iliyozaliwa pamoja na gari. Akaiwasha. Taa za mbele, ambazo hulala ndani, ziliamka, ya kushoto ikitangulia na ya kulia ikifuata kwa kujivuta.

"Hiyo ya kulia mvivu," Duane alisema kwa matumaini, kama aliyepata kasoro hatimaye.

"Ni mpira wa hewa umechoka," Orville alisema. "Bei ya chakula cha mchana."

Duane akazunguka tena. Akazunguka mara ya tatu. Mwishowe akafuta mikono, akaenda kwenye sinia, akachukua kipande cha pai.

"Vipi?" Verna aliuliza.

"Vipi nini? Unaona nakula."

Verna alipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake alikitazama kiti kilivyokaa chini. Hakukuwa na kisingizio tena.

Kuingia kulikuwa rahisi. Aligeuza makalio, akajiachia, na kiti kikampokea huko chini kama shimo lililochimbwa kwa kipimo chake. Duane akakaa kando. Orville alisema yeye atabaki kulinda pai. Verna akakanyaga klachi, akaweka gia, na lile gari likaguna chini ya mgongo wake. Walipotoka kwenye changarawe na kuingia lami, aliongeza moto kidogo tu, na mashamba yakaanza kukimbia. Alicheka peke yake kama mtoto anayebembea. Miaka thelathini na mmoja alikuwa anaendesha nyumba yenye magurudumu. Leo alikuwa anaendesha gari.

Mbele ikatokea Corvette nyingine, nyeusi, inakuja. Dereva wake akainua mkono.

Verna akashika breki. "Kuna nini? Moshi? Mlango uko wazi?"

"Hakuna kitu! Endesha!" Duane alikuwa anacheka mpaka makombo yanamtoka mdomoni. "Amekusalimia! Wenye magari haya husalimiana. Na wewe umemnyima salamu, mwanamke usiye na adabu!"

"Simjui!"

"Si lazima umjue. Analijua gari."

Verna aliona aibu, na chini ya aibu hiyo akaona raha. Alikuwa amekwisha lipenda gari. Hilo lilimtisha zaidi, maana kushindwa kungemuuma sasa.

Waliporudi, Duane alichomoka upande wake akipiga kite. Orville na Rosella walikuwa wamesimama mlangoni pa ghala. Verna akafungua mlango, akatoa mguu wa kushoto, akashika usukani, akajivuta. Akainuka kidogo, akarudi chini pu. Akashika fremu ya mlango, akajivuta tena. Goti la chuma likakataa. Mara ya tatu hata hakuinuka.

"Nipe mkono," Duane alisema, akiunyoosha.

"Ondoa mkono wako."

"Verna, acha ukaidi."

"Nimesema ondoa!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka, na machozi yakamjia. Alikaa humo ndani, mguu mmoja nje, akimchukia Kristin kwa kuwa na akili, akiyachukia magoti, akitamani kungekuwa na kutu.

Orville akaja taratibu na fimbo yake.

"Kijana wako kakagua vizuri," alisema. "Hata mimi sijawahi kumwona mtu wa kukagua hivyo. Lakini kuna kitu hakuniuliza. Hakuniuliza kwa nini nauza."

Duane akarudisha mkono wake mfukoni.

"Kwa nini unauza, mzee?" Verna aliuliza kutoka chini.

"Kwa sababu Septemba niliingia humo nikashindwa kutoka. Rosella yuko kanisani, anapika maharage ya harambee. Nilikaa saa nzima na dakika arobaini. Mbwa alinionea huruma, akaja kulala hapo nje."

"Nilimkuta kalala usingizi," Rosella alisema. "Nikadhani nimekuwa mjane."

Verna alicheka bila kutaka.

"Sasa nisikilize, dada," Orville alisema. "Unataka kutoka kama malkia, kichwa juu. Haiwezekani, hata kwa vijana. Mimi miaka kumi nilitoka kwa mikono. Weka mikono chini, kwenye changarawe. Yote miwili. Halafu uache mwili ufuate. Utambae."

"Nitambae?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nyonga zote mbili zimekwisha, nikishapiga magoti siinuki. Wewe hatujui. Jaribu tujue."

Verna akamtazama Duane. "Geuka huko."

Duane akageuka, na pai yake.

Akaweka mikono chini. Changarawe ilikuwa ya baridi na ikamchoma viganja. Akaegemea, mwili ukateleza, goti moja likatua, la chuma likafuata, na hapo alikuwa, kwa miguu minne, nywele usoni, makalio yametazama gari la ndoto yake. Akashika ukingo wa kiti, akasukuma. Goti likalia. Akasukuma tena, akasimama.

Hakuna aliyemgusa. Alijipangusa suruali mara mbili kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono.

"Hayo magoti yana miaka kumi bado," Orville alisema. Alisema kwa furaha, lakini alikuwa akiangalia gari. "Yasipokuwa nayo, uza. Usingoje mbwa akuonee huruma."

Hundi iliandikwa jikoni, juu ya kitambaa cha meza, na sasa hata Duane alipewa kipande cha pili bila kuulizwa. Rosella alimkunjia Verna yale mashuka ya maua, akasema gari limeyazoea.

Kristin alikuwa akimngoja mama yake barazani Lima. Aliisikia injini kabla ya kuiona, akasimama. Gari la buluu likaingia uani, likazimika, mlango ukafunguka. Kisha akaona mikono miwili ya mama yake ikitua saruji, halafu kichwa, halafu magoti, mbele ya macho ya mtaa mzima.

"Mama!" Alishuka ngazi mbio, simu mkononi. "Mama, umeanguka? Umeanguka?"

Verna aliinua uso. Ulikuwa mwekundu na umejaa kicheko.

"Sijaanguka, mwanangu," alisema. "Nimefika."