Kamongo wa Kezia

Tangu Operesheni ya kuhamishia watu vijijini iwatoe ukingoni mwa Mto Mara na kuwapanga kwenye mistari ya kijiji kipya, Nashoni hakuwa mvuvi tena. Alikuwa mkulima wa mahindi, na mkulima mbovu kweli kweli. Lakini Kezia, bintiye wa miaka mitatu, alipopatwa na kifaduro akawa anakohoa hadi macho yanamtoka, hakuna aliyemuuliza Nashoni habari za jembe. Mkewe Bernadetha alimwambia neno moja tu: kamongo.

Dawa hiyo kwao ilijulikana. Kamongo ni samaki anayevuta hewa kama mtu, ndiyo maana huweza kubeba kikohozi cha mtu. Mtoto humpulizia mdomoni, kisha samaki hurudishwa mtoni akiwa hai. Akifia nchi kavu, kikohozi humrudia mwenyewe, na safari hiyo hakitoki.

Nashoni alitembea nusu siku, akamleta kamongo kwenye ndoo ya matope. Kezia akapuliza, akalala usingizi mzito mpaka mama yake akalia kwa furaha. Nashoni akaibeba ndoo kurudi mtoni.

Njiani akasimamishwa na mgambo wawili. Mwaka ule aliyeelekea mtoni alihesabiwa mtoro anayerudi mahameni.

"Unahamia wapi, ndugu?"

"Sihami. Huyu ni dawa ya mtoto, lazima arudi majini."

Mwikwabe, mkubwa wao, alicheka. "Huyu ni dawa ya njaa, ndugu yangu."

Na njaa walikuwa nayo, tuseme ukweli. Mvua ilikuwa imewanyima wote. Walimkalisha chini, wakamchoma kamongo, wakamkatia naye kipande. Nashoni hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana. Akala. Ndiyo, alikula.

"Ameingia majini?" Bernadetha alimuuliza aliporudi.

"Ameingia."

Siku ya tatu kikohozi kilirudi. Nashoni alisema wambebe mtoto wampeleke zahanati saa ile ile.

"Mbona una wasiwasi hivyo, Baba Kezia?" Bernadetha alisema. "Si ulimrudisha mwenyewe? Hicho kinaaga tu. Ukimpeleka kwenye sindano sasa utaivuruga dawa."

Hapo ndipo angesema. Kinywa alikifungua, aibu ikakifunga. Jumamosi asubuhi Kezia alikata roho mgongoni mwa mama yake.

Walipokaa matanga, Bernadetha hakumlaumu Mungu wala Serikali. Alikaa katikati ya wanawake, macho makavu, akitazama viganja vyake.

"Basi kosa ni langu," alisema. "Nilimshika vibaya alipokuwa anapuliza. Nilimkaba kifua, pumzi yote haikutoka." Akamgeukia mumewe. "Wewe ulimwona kamongo akiingia majini, Baba Kezia?"

Watu wote wakamtazama Nashoni.

"Nilimwona," alisema. "Aliogelea akaenda zake."