Kipochi cha Miwani ya Mama

Jana usiku, usingizi ulipokolea tu, niliota niko mezani nashona kipochi cha zipu cha kuwekea miwani ya mama. Mama anapasuliwa jicho Jumatatu. Hilo ni la kweli, si la ndoto. La kweli pia ni kwamba mimi sijui kushona. Anayejua ni dada yangu Mwanamvua, fundi cherehani pale Korogwe, lakini hatusemeshani tangu mama ahamie kwangu, miezi saba sasa. Kwa hiyo nilikuwa najifunza kwenye simu, kwa video za bure.

Mwalimu wa video ile ni mikono miwili tu, kichwa hakionekani. Ndotoni mikono ikatoka kwenye simu, ikajikung'uta, ikakaa mezani.

"Kata vipande viwili vya kitenge," ikasema. Sikuona mdomo, lakini nikakata.

"Sasa viweke uso kwa uso."

Naviweka. Vinageuka. Naviweka tena, vinapeana mgongo.

"Mimi na huyu hatutazamani," kinasema kipande cha kwanza.

"Kwa nini?"

"Muulize yeye."

Nakiuliza cha pili. Kinasema nikiulize cha kwanza.

"Hujaelewa," mikono ikaniambia. "Rudi nyuma sekunde kumi."

Narudi kinyumenyume huku nahesabu. Ninapofika kumi niko kwenye korido ya hospitali. Cherehani ipo, meza ipo, na mama amekaa kwenye benchi na kanga yake.

"Semeni," mama ananiita, "mwenzako yuko wapi?"

"Nashona, mama," namjibu, kana kwamba ndilo aliloniuliza.

Nachukua zipu. Maelekezo yanasema ilale kifudifudi.

"Kifudifudi sipumui," zipu inalalamika.

"Ni kwa muda mfupi."

"Wote husema hivyo." Ikalala.

Nikashona pande zote nne, haraka haraka, kabla vipande havijagombana tena. Nilipomaliza mikono ikaniuliza, "Uliacha zipu wazi?"

"Hapana."

"Basi uko ndani."

Kweli, niko ndani. Kuna giza, na maua ya kitenge nayaona kwa upande wa nyuma, yamefifia. Sikuelewa nimeingiaje wakati mshonaji ni mimi. Mama naye yumo, ametulia tuli, hana miwani.

"Mama, tunatokaje humu?"

"Mimi sioni, mwanangu. Mwite anayeona."

Nilijua anamtaka nani. Nikajifanya napapasa mshono. Nikapapasa mpaka kucha zikauma, na hewa ikaanza kupungua. Mama akakohoa. Ndipo nikaita.

"Dada! Dada Mwanamvua!"

Zipu ikafunguka kidogo kwa nje. Mkono ukaingia, ule ule wa kwenye video. Sasa nikauona kwa karibu: kwenye kidole gumba una kovu la pasi ya mkaa. Kovu lile nalijua. Pasi niliiangusha mimi, nikiwa na miaka sita.

"Dada, kumbe ni wewe siku zote?"

"Si ulitafuta wa bure," mkono ukasema. "Mimi nimekuwa bure tangu uzaliwe."

Nikaligusa lile kovu.

"Haya, jiunge," ukasema, kama mwisho wa kila video.

"Nibonyeze wapi?"

"Nani kakwambia ubonyeze?"

Ukashika mkono wa gauni langu, ukauweka juu ya mkono wa gauni lake, ukatunga sindano uzi mwekundu. Ukapiga mishono saba, wa mwisho ukaufunga fundo. Kisha ukavuta. Nikatoka, na mama nyuma yangu amening'inia kwenye pindo.

Nikaamka. Kumekucha, mama anaswali chumba cha pili. Nikautazama mkono wa gauni langu la kulalia. Una vitundu vidogo vidogo vya sindano, vimepangana mstari mmoja. Uzi hakuna.

Simu ikaita. Nikaiacha iite mara mbili, kwa sababu jina lile lilikuwa halijatokea hapo miezi saba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Semeni, nina uzi mwekundu kwenye mkono wa gauni langu. Umeutia lini?"

"Sijautia, dada."

Nikasikia anauvuta uzi kwa kucha, taratibu.

"Ni kweli," akasema. "Mshono huu ni wangu."

Nikapitisha kidole juu ya vile vitundu.

"Usifumue chochote," akasema mwishowe. "Nakuja."