Kikohozi Ndani ya Nepi

Wanafunzi wa uuguzi waliokuwa wodi ya watoto wachanga walikuwa na desturi yao, ambayo hakuna mwalimu aliyewafundisha. Mtu akibanwa na kikohozi anasema anakwenda kuongeza mashuka. Anaingia chumba cha mashuka, anasukuma mlango kwa kisigino, anakumbatia rundo la shuka safi na kutumbukiza uso humo, anakohoa mpaka aridhike. Halafu anafuta machozi, anachukua shuka mbili asitoke mikono mitupu, anarudi wodini na uso wa mtu aliyetumwa kazi kweli.

Sababu walikuwa nayo. Anayesikika akikohoa mbele ya vichanga hurudishwa nyumbani papo hapo, na zamu zake za wodi ile anakuja kuzirudia na darasa la nyuma yake. Wenzake wanasonga mbele, yeye anabaki na watoto wa juzi wanaomuuliza kipimajoto kinashikwaje. Nani anataka hayo?

Katika desturi hiyo Njiti alikuwa bingwa. Jina la Njiti alipewa kwa wembamba wake. Hata sare ndogo kabisa ya chuo ilimning'inia kama pazia. Kikohozi chake kilianza na mafua ya kawaida, kamasi nyepesi na macho kuwasha. Mafua yakaenda zake, kikohozi kikabaki, kama mgeni aliyeonja kitanda kizuri. Kilikuwa na visa. Kilimwacha saa nzima akajiona mzima, kisha kikamvamia kwa mpigo, kikohozi juu ya kikohozi bila nafasi ya kuvuta hewa, mpaka mbavu zikamuuma. Siku moja alitapika chai yote.

"Njiti, utakatika katikati, wewe," Kibonge, rafiki yake wa zamu, alimwambia.

"Ni vumbi la mashuka."

"Vumbi gani hilo linakufuata mpaka kwenye foleni ya chai?"

Asubuhi moja mkufunzi wao, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu isiyohitaji kupandishwa, aliwakusanya darasani. Walikuwa wametolewa damu wote ili ipimwe kinga yao ya kifaduro, na majibu yalikuwa yamerudi.

"Nani hapa alichanjwa kifaduro utotoni?" aliuliza.

Mikono yote ikapanda. Kijana wa dawati la mbele alikunja na mkono wa shati, akaonyesha kovu begani.

"Hilo kovu ni la chanjo ya kifua kikuu, baba. Teremsha shati lako."

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi akangoja kiishe.

"Chanjo mlipata, na ilifanya kazi yake mlipokuwa wadogo. Lakini kinga ya kifaduro haikai mwilini maisha yote. Inapauka mwaka hadi mwaka, kama kanga inayoanikwa juani. Wengi wenu mmebakiwa na kidogo mno. Mtachanjwa upya, kila mmoja."

"Si tutausikia ule mlio, mwalimu?" Kibonge aliuliza. "Mtu akivuta pumzi, inalia kama filimbi."

"Kwa mtoto mkubwa, ndiyo. Mtu mzima aliyewahi kuchanjwa mara nyingi hana mlio wowote. Ana kikohozi tu kisichoisha. Kinakuja kwa mpigo, pengine mpaka anatapika. Ukimuuliza, atakwambia ni vumbi."

Kibonge akageuza shingo polepole, akamtazama Njiti. Njiti alikuwa ameshika ukingo wa dawati.

"Na mtoto mchanga, mwalimu?" Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko yeye mwenyewe.

"Huyo ndiye wa kuogopa. Anaweza asikohoe kabisa. Ananyonya, ananyamaza, anasahau kupumua. Ukija kumtazama midomo imebadilika rangi. Ndiyo maana tunawafukuza wodini mkiwa na kikohozi. Hatuwachukii."

Nyumbani alikokuwa akiishi Njiti, kwa dada yake, kulikuwa na kichanga. Walimwita Bosi, maana tangu azaliwe watu wote mle ndani walikuwa wakipokea amri zake. Alikuwa bado hajafikisha umri wa chanjo ya kwanza. Kila jioni Njiti alikunja nepi zake chumba cha nyuma, nepi za kitambaa zilizopigwa pasi, laini, zenye harufu ya sabuni. Na kila kikohozi kilipomjia alifanya kama walivyozoea kule wodini: alikumbatia lile rundo, akatumbukiza uso humo, akakohoa, mtoto asije akashtuka usingizini. Alijiona mtu mwenye huruma. Kisha alizipanga vizuri kando ya kitanda cha Bosi, na moja, ile laini kuliko zote, ndiyo dada yake aliyokuwa akimfutia mtoto mdomo.

Walipotoka darasani Kibonge alimvuta pembeni.

"Usiseme leo. Zamu zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Kunywa dawa ya kikohozi, vaa barakoa, maliza."

"Nyumbani kuna mtoto, Kibonge."

"Si mzima? Ungeshasikia."

"Ningesikia nini? Umesikia wanavyonyamaza?"

Njiti akarudi darasani, akasimama mbele ya mkufunzi, akamwaga yote: kikohozi, chumba cha mashuka, nepi. Alitegemea kufokewa. Mkufunzi alifumba macho kidogo, akafungua droo, akampa barakoa.

"Mashuka na vichanga vya wodi niachie mimi. Zamu zako, tutaongea. Mpigie dada yako sasa hivi."

Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, ikakata.

Alitoka nusu anakimbia, simu sikioni. Labda dada anafua. Labda simu iko chini ya mto. Labda amekaa na mtoto mapajani anampuliza usoni, hajui la kufanya. Njiani kikohozi kilimkamata, akashika ukuta wa duka la viatu mpaka kikapita. Mwenye duka akamuuliza kama amepaliwa. Akaendelea kukimbia.

Alimkuta dada yake sebuleni, kanga kifuani, Bosi mkononi, redio inaongea peke yake. Njiti akagota mlangoni.

"Mbona umesimama hapo kama fundi wa umeme? Ingia. Na hiyo barakoa ya nini, umeanza kutuona uchafu?"

"Dada, simu yako!"

"Iko chaji huko ndani. Kuna nini?"

"Bosi anakohoa?"

"Hakohoi. Anapiga chafya tu, na pua inachuruzika tangu juzi." Dada akacheka. "Halafu siku hizi ana maringo, ananyonya kidogo, anaacha, ananitumbulia macho, mpaka nimtikise ndiyo aendelee."

Njiti akarudi nyuma hatua moja.

"Anaacha kunyonya, au anaacha kupumua?"

Kicheko kikakatika. Njiti akamweleza palepale kizingitini, bila kupamba, mpaka habari ya nepi. Dada yake aliangalia nepi iliyokuwa begani mwake, akaitupa chini kama inaungua.

"Ndani ya nguo zake? Mdogo wangu, ndani ya nguo za mwanangu?"

"Sikujua ni—"

"Unasomea nini huko, basi? Unasomea nini?" Tayari alikuwa anatafuta kandambili kwa mguu, mtoto kamkumbatia kwa mikono miwili. "Tangulia. Kaa mbali nasi, lakini tangulia, unionyeshe mlango wa kuingilia."

Wakaenda hivyo hivyo mpaka hospitalini, Njiti mbele, dada nyuma, watu wakidhani hawajuani. Daktari aliwaingiza wote pamba nyembamba puani kuchukua kipimo, akaagiza dawa kwa kila anayelala nyumba ile bila kungoja majibu, akamlaza Bosi. Walimfunga kidoleni mwa mguu waya wa kupimia hewa, wenye taa nyekundu.

Majibu ya Njiti yalikuwa kifaduro. Ya Bosi pia.

Njiti aliwekwa chumba cha peke yake katika hosteli ya chuo mpaka dawa iishe. Kibonge alimletea chakula, akakiacha mlangoni na kupiga kelele kutoka ukumbini kwamba naye anakunywa dawa zilezile, na wodi nzima inafuliwa upya. Njiti aliuliza jambo moja tu, Bosi anaendeleaje, na Kibonge hakujua.

Dada hakupiga simu siku hiyo, wala iliyofuata. Asubuhi ya pili yake ndipo simu ikaita.

"Dada! Anaendeleaje?"

"Jana alibadilika rangi, wakamwekea hewa." Sauti ilikuwa kavu. "Leo wameitoa, wanamtazama. Usinipe pole, sitaki pole zako. Mimi sijui nisikilize nini. Wewe ndiye uliyefundishwa. Ninampa ziwa sasa. Sikiliza."

Simu ikawekwa karibu. Njiti akaziba sikio la pili. Alisikia kunyonya, kwa pupa, kama bosi kweli. Kunyonya. Kunyonya.

Kisha kimya.

Alisimama. Alitaka kupiga kelele, akaogopa kelele yake isije ikafunika pumzi za mtoto.

Kukasikika pumzi ndogo, yenye kamasi, ikivutwa puani. Na kunyonya kukaendelea.

"Umesikia?" dada aliuliza.

"Nimesikia. Amepumua. Usikate, dada."

"Sikati," alisema dada yake. "Sikiliza tu."