Jino la Mama Audace

Mama Dorothée wa Musaga alikuwa mcheshi wa kuvunja watu mbavu, lakini ukimwelekezea kamera, kwisha habari yake. Anavuta pumzi, anakaza shingo, anafumba mdomo mpaka mashavu yanavimba, eti anaficha pengo la jino la mbele. Pengo lenyewe mtaa mzima unalijua!

Binti yake, Dative, alikuwa amechoka na uso ule. Picha tatu walikuwa wamekwisha kumtumia kaka yake, Audace, aliyekuwa kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, na zote tatu mama kanuna. Audace alikimbia mwaka wa tisini na sita, alfajiri, bila kuaga, siku zile vijana wa mtaa walipokuwa wakitoweka mmoja mmoja. Sasa ni miaka sita. Barua yake ya mwisho Dative alimsomea mama yote, isipokuwa mstari mmoja: "Kwenye picha Mama ananitazama kama mwanajeshi wa kizuizi cha barabarani. Kama hajanisamehe, semeni, niache kuandika."

Mstari ule ulimkosesha Dative usingizi. Amwambie mama? Thubutu! Angelia wiki nzima, na mbele ya kamera angenuna mara mbili. Basi akaenda kwa Gélase, mpiga picha.

"Radjabu, yule mchuuzi wa samaki, anavuka ziwa na boti Alhamisi kwenda Kigoma kununua ndagala," alimwambia. "Nataka abebe picha ya mama anacheka."

"We Dative, mi ni mupiga picha, si mufanya miujiza. Na kwenye filamu imebaki moja tu." Gélase akajikuna kidevu, kisha akatabasamu. "Lakini watu wa hapa wote wanaamini kitu kimoja: taa ya kamera ikishawaka, picha imekwisha. Niachie mi."

Jumamosi asubuhi Mama Dorothée alitoka uani amejifunga begani imvutano, vazi lake la harusi, akaketi na redio ya jirani mapajani.

"Redio ya nini, Mama?"

"Nyamaza. Audace ajue hatujaanguka."

"Si haina betri?"

"Kwani picha inasikia?"

Gélase alishika kamera mkono wa kulia, na taa ameichomoa, ameiinua kwa mkono wa kushoto. "Mama Audace, tayari? Moja, mbili..." Mama akajaa upepo. Taa ikawaka, pwaa!

"Bon, imekwisha," alisema Gélase.

"Mana yanje, Mungu wangu! Nilikuwa karibu nife!" Mama akashusha pumzi, kisha akamwona Dative pembeni yake, bado amesimama wima kwa wasiwasi. "Na we? Imekwisha! Umekaza uso kama mutoto anangojea sindano!" Akaangua kicheko, kile chake cha kupiga paja. Redio ikamponyoka, akaidaka kwa magoti, akazidi kucheka. Kamera ikalia kch. Aliyesikia ni Dative peke yake.

Jumanne picha ikarudi kutoka mjini. Mama aliitazama, akaruka.

"Apana! Apana, apana! Dative, umenianika! Kigoma yote ione pengo langu?" Akaishika picha kwa mikono miwili, tayari kuichana.

Boti ilikuwa keshokutwa, na filamu nyingine hakuna. Dative akatoa barua, akausoma ule mstari kwa sauti.

Mama akakaa chini polepole.

"Nimukasirikie? Mi?" Macho yakamjaa machozi. "Kila siku namupakulia maharage, halafu nakumbuka, narudisha kwenye sufuria. Na we umeona."

"Nimeona, Mama."

Alijifuta kwa ncha ya vazi lake, kisha akaitazama picha tena, akapitisha kidole gumba juu ya lile pengo. Kisa chake Dative alikijua tangu utotoni: Audace alikuwa na miaka mitatu, amepakatwa, akaruka kwa furaha, na kichwa chake kigumu kikamng'oa mama jino.

"Mupelekee," mama alisema. "Atajua kama ni mi. Lakini kwanza andika nyuma."

Dative akashika kalamu. "Niandike nini?"

"Andika: jino langu bado nakudai. Usilitume na Radjabu. Ulilete mwenyewe."