Mita Yenye Skrubu

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na mtu akitaka kuniuzia chombo kisicho na skrubu namwona mwizi. Kitu kisichofunguka utakitengeneza vipi? Kwa hiyo siku tuliyokwenda kununua mita ya pH, mimi na mke wangu tulishagombana kabla muuzaji hajamaliza kutusalimia.

Mita ilikuwa ya bia. Miaka kumi na tisa napika bia ya kimea kwenye stoo nyuma ya jiko, pipa moja kila mwezi, ya kunywa sisi na jamaa wanaopita. Sijawahi kupima kitu. Nachota, naonja, najua. Lakini pipa la mwezi uliopita rafiki yangu Tairi, fundi baiskeli ambaye hajapata kuacha hata povu, alikunywa nusu bilauri akakumbuka kwamba ana mteja. Jumapili, mteja gani? Mke wangu akasema bia imechacha. Mimi niliionja nikaiona sawa kabisa, na hapo nikaingiwa na baridi, maana tangu niugue homa iliyonilaza kitandani nilikuwa na wasiwasi na ulimi wangu na sikumwambia mtu. Nikajisemea mita itaamua. Ikisema bia ni nzima, basi na mimi ni mzima, na wao ndio wanaodeka.

Muuzaji alikuwa dada mpole mwenye miwani. Akatueleza kwamba namba ikishuka uchachu umepanda, na kwamba bia kama yetu hukaa kwenye nne na kitu. Ikiporomoka chini ya hapo kuna kasoro. Akatuwekea mbili mezani. Moja ya vitufe: unakoroga unga maalumu kwenye maji safi, unga ambao namba yake inajulikana, unaichovya humo, unabonyeza, inajirekebisha yenyewe. Ncha yake ya kioo ikichoka unabadilisha, ila usiiache ikauke. Ya pili nyembamba kama kalamu, ina skrubu ubavuni, unaizungusha kwa bisibisi mpaka isome namba ya ule unga. Mke wangu akataka ya vitufe. Nikamwambia vitufe ni vya watoto. Yule dada akasema ipi ni ya kutegemewa itatokana zaidi na sisi wenyewe, kama hatutachoka kuihakiki kwa unga. Nikachukua ya skrubu, tukapewa na paketi za unga.

Nyumbani nikaichovya kwenye pipa jipya, na hilo halikuwa pipa la mchezo. Dada yangu mkubwa alikuwa anastaafu wiki iliyofuata na alikwishawaambia wageni arobaini kwamba watakunywa bia ya mdogo wake. Mita ikasoma tatu nukta saba. Nikaonja. Uchachu hata chembe. Nikachovya tena, tatu nukta saba. Nikajaza kikombe, nikaizungusha bia mdomoni kama mtu anayesukutua, ikapita laini. Nikasema basi, kidude kimetoka kiwandani kimepinda, na fundi yupo. Paketi za unga nikazisukuma nyuma ya chupa. Unga wa mtu nisiyemjua utanifundisha nini mimi? Nikachukua bisibisi ndogo, nikawa nazungusha kidogo, naonja, nazungusha kidogo, naonja, mpaka ikasoma nne nukta tano. Hapo ulimi na mita vikakubaliana. Nilifurahi siku nzima.

Jumamosi mchana akaja shemeji, mdogo wake mke wangu, anayefanya kazi kwenye mitambo ya kusafisha maji. Aliitwa na dada yake, na alikuja na mita ya kazini kwake ndani ya kisanduku. Nikamwonyesha yangu: nne nukta tano. Akachovya yake: tatu nukta saba. Nikamwambia hiyo yake imechoshwa na maji machafu. Hakubisha. Ana adabu sana yule, ndiyo maana ananiudhi. Akauliza tu kama tuna unga wa kupimia. Mke wangu akaenda moja kwa moja nyuma ya chupa, akaukoroga kwenye bilauri. Paketi imeandikwa nne. Ya shemeji ikasoma nne. Yangu ikasoma nne nukta nane.

"Shemeji," akasema taratibu, "hii skrubu nani kaigusa?"

"Mimi."

"Uliilinganisha na nini?"

Nilitamani kujitia hamnazo, niseme imeanguka, niseme mjukuu kaichezea. Nikajikaza kisabuni.

"Na ulimi wangu."

Akaitazama mita, akamtazama dada yake, akasema anakwenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu.

Mke wangu akapindua ndoo tupu akakaa mbele yangu. Nikaanza kumweleza habari za mafua, za vumbi la chuma, za uzee. Akaniacha nimalize.

"Baba watoto," akasema, "wiki ya tatu hii sikutilii sukari kwenye chai. Kila asubuhi unaniambia leo nimeiweza."

Kwanza nilikasirika, sitaki kudanganya. Nikamuuliza kwa nini anifanyie mtihani kama mtoto, na kwa nini hakusema. Akajibu kwamba alikuwa ananingoja mimi nimwambie. Alilisema bila ukali wowote. Nililia, mtu mzima, na mikono yote miwili juu ya mfuniko wa pipa.

Shemeji aliporudi tulilibeba pipa watatu mpaka mtaroni tukalimwaga. Halafu nikampigia dada yangu. Mke wangu alisema angempigia yeye, nikakataa. Sikuisingizia mita wala kimea. Nikamwambia bia imeharibika mikononi mwangu, atafute nyingine, kwa sababu mimi sisikii ladha tena.

Dada yangu akauliza: "Na chakula je?"

Nikamwambia najua cha moto na cha baridi. Basi.