Mstari Wangu Kwenye Orodha

Dada yangu mdogo hunipigia simu akishashindwa kabisa, si kabla. Kwa hiyo aliponiita Jumamosi ile asubuhi nilijua mambo yameharibika, nikabeba begi langu la vifaa na kwenda shuleni kwake nikiwa na furaha kidogo, Mungu anisamehe. Mimi ni fundi kompyuta, na hakuna kinachonivimbisha kichwa kama kuitwa na mtu anayependa kujifanyia mambo mwenyewe.

Anafundisha watoto wasioona. Kwa miezi saba amekuwa akisoma vitabu vya darasani kwa sauti na kuvirekodi, sura baada ya sura, mpaka koo likamkauka. Rekodi zote amezihifadhi kwenye seva ndogo ya programu huria, aliyoiunda mwenyewe kutokana na kompyuta kuukuu, ili watoto wazisikilize kwenye kompyuta sita za darasani. Akisikiliza mtoto mmoja, shwari. Wakisikiliza wote sita, baada ya dakika nne hivi sauti inakatika na seva haionekani tena.

"Mwalimu mkuu amenipa mpaka Jumatatu," alisema. "Ikigoma tena, kompyuta zinahamia ofisini. Nitamwambia tu ukweli, nilijitwisha mzigo nisiouweza."

"Ngoja kwanza. Hata sijafungua boksi la seva."

Nilibadilisha kebo. Nikabadilisha swichi inayounganisha kompyuta. Tukawasha rekodi kwenye kompyuta zote sita, yeye akiangalia saa. Dakika ya nne, kimya. Nikasoma kumbukumbu za matukio ya seva: kadi ya mtandao ilikuwa inazidiwa na kujizima. Niliichomoa, nikaisogeza dirishani kwenye mwanga, na ile namba ya chipu nikaitambua hata kabla sijamaliza kuisoma.

"Hii kadi umeitoa wapi?" niliuliza, kwa ukali ambao sikuukusudia.

"Kwenye ile orodha ya vifaa vinavyokubaliana na mfumo, ile wanayoiandika watumiaji wenyewe. Nikaona imesifiwa."

Akanifungulia ukurasa. Sikuwa na haja ya kuusoma. "Inafanya kazi bila longolongo. Imejaribiwa." Chini yake, jina: Mzee wa Waya. Mzee wa Waya ni mimi. Ndilo jina langu la mtandaoni, na nyumbani hakuna aliyewahi kulisikia.

Miaka mitatu nyuma nilichomeka kadi kama ile, taa ya kijani ikawaka, nikafungua ukurasa mmoja, ukafunguka, nikaandika. Dakika mbili hazikufika. Siku hizo nilikuwa nashindana na wenzangu nani ana mistari mingi kwenye orodha. Hata wimbo mmoja sikuwahi kuupitisha kwenye kadi ile. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Njia rahisi ilikuwepo. Begini nilikuwa na kadi nyingine, ambayo hiyo niliitesa wiki nzima kabla ya kuiamini. Niliichomeka, tukaanza upya. Dakika nne zikapita, kumi, ishirini, na sauti ya dada yangu ikaendelea kusoma kwenye kompyuta sita bila kukwama. Ningenyamaza, ningeondoka pale bingwa.

Yeye alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamempanda kifuani, akafuta macho.

"Kumbe ni kadi tu," alisema. "Mwezi mzima najiona mjinga."

Mwezi mzima. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Mjinga si wewe," nilimwambia. "Huyo Mzee wa Waya ni mimi. Sikuijaribu, niliandika uongo. Nisamehe, mdogo wangu."

Alipita kwenye kompyuta, akazima rekodi moja baada ya nyingine.

"Nilijua ni wewe, kaka," alisema. "Nani mwingine anaandika 'bila longolongo'? Kulikuwa na kadi nyingine tano, watu wameeleza mpaka basi. Sikuzisoma, neno lako lilinitosha. Halafu hii ilipogoma, nikajua kosa ni langu."