Sitini na Nane

Mwalimu François Kambale aliamka Jumatatu hiyo akiwa na hasira zake tayari, na hata chai ya tangawizi ya mkewe haikufua dafu. Alilikasirikia basi la kutoka Limpopo lililomfikisha Johannesburg jana yake saa kumi jioni badala ya saa sita mchana. Alizikasirikia taa za kuongozea magari pale nje, zilizokuwa zimezimika tangu Ijumaa, madereva wakipigiana honi kama wana harusi. Zaidi ya yote aliukasirikia mfuko mmoja wa ufadhili wa masomo wenye ofisi hapo hapo Randburg, kitongoji cha Johannesburg, mitaa mitatu kutoka nyumbani kwake. Mfuko huo ulikuwa umemkatalia ufadhili mwanafunzi wake kwa barua ya mistari miwili.

Mwanafunzi mwenyewe, Rofhiwa, alikuwa mezani anakunywa chai. Alikuwa mwaka wa matriki, yaani wa mwisho wa sekondari, na alitaka kusomea uhandisi wa barabara na madaraja, kwa sababu kijijini kwao mto ukijaa watoto hawaendi shule wiki nzima. Alilelewa na bibi yake, na pensheni ya bibi iliishia kwenye unga na umeme. Bila ufadhili hakukuwa na chuo, hilo halikuhitaji kujadiliwa. Mwisho wa kukata rufaa ulikuwa siku hiyo saa sita mchana, na ndiyo maana mwalimu alimwombea ruhusa kwa bibi na kupanda naye basi.

Shule waliyotoka ilihudumia vijiji vitano. Watoto wengine walitembea kilomita saba kwenda na saba kurudi, na waliochelewa walisimama, kwa kuwa viti havikutosha. Walimu wa hesabu walikuja, wakaona vyoo, wakaomba uhamisho. Kambale, mwenye digrii yake ya Butembo, kwao Congo, alikuja akabaki. Kwa miaka sita alikuwa mwalimu pekee wa hesabu wa madarasa ya juu. Alitunga mitihani mwenyewe, akaisahihisha mwenyewe, na mkuu wa idara wa kumkagua alikuwa yeye mwenyewe. Alipanga chumba kijijini, na kila mwisho wa mwezi alishuka Randburg kwa mkewe Victoire, aliyefanya kazi ya kusuka nywele, na binti yao Clémentine.

"Papa Clémentine, angalia," Victoire alimnong'oneza kutoka jikoni.

Clémentine alikuwa amefungua daftari lake la darasa la kumi na moja mbele ya mgeni. Rofhiwa alikuwa ameichukua penseli na kumwonyesha mahali alipopotea, taratibu, bila maringo. Clémentine alitikisa kichwa, kisha akacheka kwa kuelewa. Alimgeukia baba yake na kumwambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia tu lakini hakukijibu, kwamba huyu dada anafundisha vizuri kuliko mwalimu wao.

"Sasa kama njo huyu anamufundisha mtoto wetu," alisema Victoire kwa Kiswahili cha kwao Congo, "kule ofisini bamemukatalia nini?"

"Njo tunaenda kubauliza," alijibu Kambale, akavaa koti. "Bataniambia leo."

Walifika ofisini saa nne kasoro. Waliketishwa kwenye benchi la ukumbini mpaka saa nne na nusu, huku Kambale akiangalia saa yake na kusonya. Hatimaye yeye peke yake aliitwa ndani, kwa mama mmoja wa makamo aliyevaa miwani yenye mnyororo. Mama huyo alimkaribisha kwa heshima, akaandika jina la Rofhiwa kwenye kompyuta, akasoma.

"Hesabu, sitini na nane," alisema. "Sisi tunaanzia sabini, Mwalimu. Hakuna siri nyingine."

Kambale alicheka. Alicheka kwa dhati kabisa, kama mtu aliyegundua kwamba ugomvi wote ulikuwa wa bure.

"Mama, sitini na nane ndiyo alama kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa! Miaka sita! Kwetu Congo hamsini umefaulu, sitini una heshima, sabini wanakubeba mabegani. Mimi nilimaliza sekondari kwa sitini na mbili, na baba yangu alichinja mbuzi. Mia ni ya Mungu."

"Hapa Mungu haombi ufadhili," alisema yule mama. "Wanaoomba ni watoto, na nina mia nne wenye zaidi ya themanini."

Mwalimu hakukata tamaa. Alifungua mkoba, akatoa karatasi za mtihani wa Rofhiwa wa mwisho wa mwaka uliopita, alizozibeba kama ushahidi, na kuzitandaza mezani. Mama alivaa miwani vizuri. Ilionekana alikuwa amewahi kushika chaki, maana hakuruka ukurasa. Alisoma kimya, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Hapa amekosea nini?" aliuliza.

"Mchoro hakuupiga kwa rula. Nilikata alama mbili."

"Na hapa?"

"Jibu ni sahihi, lakini hakuliandika kwa sentensi kamili. Tatu."

"Hapa umekata tano."

"Alitumia njia yake. Mimi nilifundisha nyingine."

"Njia yake ni fupi zaidi."

"Ndiyo," alikiri Kambale. "Ni nzuri, hata mimi ilinishangaza."

"Na hizi nne mwishoni? Sioni kosa lolote kwenye ukurasa huu."

Mwalimu alijikohoza. "Hizo ni za tahadhari. Ili asivimbe kichwa."

Yule mama alichukua penseli, akajumlisha pembeni ya karatasi alama hizo na nyingine za aina hiyo kwenye kurasa zote, na kuigeuza ili mwalimu aone. Ilikuwa tisini na tatu. Kambale aliitazama ile namba. Hakuweza kubishana nayo, kwa sababu hesabu ndiyo kazi yake.

"Basi badilisheni," alisema.

"Mimi sibadilishi kitu. Nasoma kilichomo kwenye mfumo wa mkoa, kilichotiwa saini na mwalimu. Mwalimu ni wewe. Ukiniletea marekebisho yenye muhuri wa shule na saini ya mkaguzi kabla ya saa sita, nitayapokea kwa mikono miwili. Vinginevyo asubiri matokeo ya matriki, aombe tena kwa mwaka unaofuata."

"Akae nyumbani mwaka mzima?"

"Mwaka mzima," alisema yule mama, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote, jambo lililomkera Kambale zaidi.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, ule wa ngazi, ili Rofhiwa asimwone, akampigia mkuu wa shule simu. Ilikuwa likizo, na kwenye simu zilisikika kuku. Alieleza haraka haraka.

"Kambale," mkuu wa shule alisema, "mwaka juzi nilikuita ofisini, nikakuambia unasahihisha kama askari wa mpakani anayetafuta magendo. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Alikumbuka vizuri. Alikuwa amejibu kwamba hatageuza shule kuwa kiwanda cha wajinga wanaojisifu, kisha akatoka bila kuaga, akajisifu kwa jibu hilo wiki nzima.

"Tuyaache hayo, Mkuu. Nisaidie leo."

"Nikusaidie vipi? Mkaguzi yuko msibani, simu yake imezimwa. Halafu nipandishe alama za mtoto mmoja tu, tena yule aliyekata rufaa, wengine sitini niwaache? Watasema nimekula kitu. Kurekebisha ni kusahihisha upya darasa zima, na mkoa ukubali. Hiyo ni miezi, siyo saa moja. Eish, Kambale. Nilikuambia."

Simu ilikatika, au mkuu aliikata. Kambale alibaki amesimama kwenye ngazi, ana hamu ya kumkasirikia mtu. Alijaribu kuukasirikia mkoa, uliowapa watoto wa vijiji vitano mwalimu mmoja. Alijaribu kumkasirikia mkaguzi ambaye kwa miaka sita hakufungua hata karatasi moja. Hasira hazikukaa. Kila alikozituma zilirudi kwake.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa hata simu ile. Mwezi wa sita Clémentine alileta ripoti kutoka shule yake ya hapa Randburg, hesabu themanini na nne. Je, baba mtu alisema mia ni ya Mungu? Aliuliza kama michoro ilipigwa kwa rula? Thubutu! Aliibandika ripoti kwenye friji, akampiga picha mtoto akiwa kando yake, akaituma Butembo kwa shangazi zake wote. Alijua wazi jinsi hapa wanavyotoa alama. Alijua, na akazipokea kwa furaha zilipoingia nyumbani kwake. Ukali wake aliupakia kwenye basi na kuupeleka kijijini, kwa watoto wa watu, akauita viwango. Asubuhi hii yule wa sitini na nane alikuwa amemfundisha yule wa themanini na nne mbele ya macho yake, na yeye alikuwa anatafuta koti.

Alijiona mjinga, tena mjinga mwenye digrii.

Alirudi ukumbini. Rofhiwa aliinuka kwenye benchi, sare yake ya shule imepigwa pasi kwa ajili ya siku hiyo, mikono ameishika nyuma kama walivyofundishwa kusimama mbele ya mwalimu.

"Wamesemaje, Mwalimu?"

"Keti kwanza."

Hakuketi. Kambale akamwambia akiwa amesimama: kiwango ni sabini, rufaa haitapita, itabidi asubiri mwaka. Msichana alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikosea wapi?" aliuliza. "Zile alama thelathini na mbili nilizopoteza. Niambie ili nisirudie."

Hapo mwalimu angeweza kusema lolote. Kwa miaka sita alikuwa na jibu la kila mwanafunzi: uzembe, haraka, uchafu wa kazi. Alifungua mdomo, na safari hii aliona aibu kusema uongo.

"Saba ulikosea kweli. Nyingine nilizikata mimi tu. Kwetu ndivyo tulivyosahihishwa, nami nikaona ndivyo inavyotakiwa. Yule mama amezijumlisha upya. Ni tisini na tatu."

Rofhiwa alimtazama kana kwamba anamsikia kwa lugha ngeni.

"Tisini na tatu," alirudia.

"Ndiyo."

"Na darasa zima?"

"Darasa zima nimelisahihisha hivyo hivyo."

"Na waliotutangulia?"

Kambale alitikisa kichwa kukubali. Rofhiwa aligeuka dirishani, ambako magari yalikuwa yanasukumana chini ya zile taa zilizozimika. Alipomgeukia tena, adabu ya kuongea na mwalimu ilikuwa imemtoka usoni.

"Kaka yangu Mulalo ulimfundisha."

"Namkumbuka. Alikaa mstari wa mbele."

"Ulimpa hamsini na tisa. Alikuja nyumbani akamwambia bibi kwamba kichwa chake hakina hesabu. Akaleta fomu ya kuhamia hesabu nyepesi, zile za kujumlisha bei za dukani. Uliisaini wewe."

"Niliisaini."

"Hukumwambia kitu."

"Sikumwambia."

"Sasa anapakia nyanya kwenye masanduku shambani kwa mzungu. Miaka mitatu. Mimi nikimletea swali la hesabu hataki hata kuliangalia, ananiambia niondoke, yeye ni mjinga. Alikuwa mjinga?"

"Hapana," alisema Kambale. "Alikuwa anaweza. Alikuwa anaweza sana."

Rofhiwa alitoa simu mfukoni, simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akatafuta namba ya kaka yake na kubonyeza. Ilianza kuita. Hakuiweka sikioni. Alinyoosha mkono na kumkabidhi mwalimu.

"Mwambie wewe," alisema.

Kambale aliipokea. Upande wa pili mtu alipokea kwa sauti ya uchovu, nyuma yake mashine zikinguruma, akauliza nani mwenzake.